Mashine ya kukatia nyasi imegoma baada ya kiangazi: nianzie wapi?

Swali: "Fundi, salaam. Ninatunza uwanja wa shule moja nje kidogo ya Arua, Uganda. Tuna mashine ya kukatia nyasi ya kupanda, ile inayofanana na trekta ndogo, ya petroli, silinda moja. Ilifanya kazi vizuri hadi mwisho wa Novemba, tukaiweka stoo. Sasa mvua imerudi na nyasi zinafika magotini. Nikigeuza ufunguo nasikia 'ta!' mara moja, kisha kimya. Tuliazima umeme wa gari la mwalimu mkuu, injini ikazunguka, ikawaka kwa sekunde tatu hivi, ikazima. Haijawaka tena. Fundi wa bodaboda anasema tukate nyaya za swichi ya kiti tuziunganishe, kisha tununue kabureta mpya. Hela ya shule ni ndogo. Tumsikilize?"

Ndugu yangu, usikate waya wowote, na hela ya kabureta ibaki kwa mhasibu kwanza. Sisemi hivyo kwa kumdharau huyo fundi. Mtu anayefufua pikipiki kila siku ana mkono mzuri na utamhitaji. Ila mashine ya kupanda ina mambo mawili ambayo pikipiki haina: swichi za usalama zilizofuatana kama mlolongo, na visu vinavyozunguka chini ya miguu ya dereva. Nitarudi kwenye kiti baadaye, kwa sababu jambo hilo linanigusa sana.

Kwanza tusome dalili ulizoandika. "Ta!" halafu kimya maana yake solenoidi, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye stata (mota ya kuwashia injini), imepata umeme na kuvuta, lakini nguvu ya kuzungusha stata haikufika. Ulipoazima umeme wa gari, stata ikazungusha injini. Basi stata ni nzima, na kosa la kwanza liko kwenye betri au kwenye vichwa vyake. Kisha injini ikawaka sekunde tatu. Injini isiyo na cheche haiwaki hata sekunde moja. Kwa hiyo siku ile cheche ilikuwapo, mgandamizo ulikuwapo, na petroli kidogo ilifika. Ikaungua, na nyingine haikuifuata. Kosa la pili liko kwenye njia ya petroli.

Makosa mawili, mzazi mmoja: kulala kiangazi chote. Huku Entebbe nilikofanyia kazi miaka mingi, ziwa linatuletea mvua karibu mwaka mzima, nyasi hazisimami, na mashine haipumziki wiki mbili. Magonjwa yetu ni ya kuchakaa: mikanda, beringi, visu. Kwenu West Nile, kama ilivyo Gulu na Kitgum, kuanzia Desemba hadi Machi ardhi ni kavu na mashine inakaa tu. Petroli inazeeka ndani yake na betri inajimaliza polepole gizani. Mashine zinazoletwa kutoka kaskazini mwezi wa Aprili, nyingi zina ugonjwa huuhuu wako.

Kabla hujagusa kitu, ichomoe stoo uiweke nje kwenye sakafu tambarare, ufunguo mfukoni mwako. Chomoa kofia ya waya kwenye plagi kila mara mkono wako unapokwenda chini karibu na visu. Halafu pima oili. Wengi huruka hatua hii, nami nakuomba usiiruke. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Ikiwa oili iko chini, ongeza. Ikiwa iko juu ya alama na inanuka petroli, simama hapohapo. Sindano ya boya ndani ya kabureta, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, imekuwa ikivuja, petroli imeteremka hadi kwenye oili, na oili iliyochanganyika hivyo haiwezi kulinda beringi za injini. Mwaga yote, weka mpya, na ujue kwamba kabureta lazima ifunguliwe hata kama mashine itawaka. Kwa joto letu, oili ya SAE 30 inafaa injini nyingi za aina hii zinazopozwa kwa hewa. Kitabu cha mashine kikisema vingine, fuata kitabu.

Sasa betri. Azima multimita, kile kipimo cha umeme, hata ile ya bei nafuu ya mafundi wa redio. Iweke kwenye volti za DC, gusa nguzo zote mbili mashine ikiwa imezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 au juu kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekwisha. Lakini usiishie hapo. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.5 ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka inapopewa mzigo. Mwenzako akae kitini apige stata huku wewe ukitazama namba. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri haina nguvu ya kazi. Ikibaki juu ya 12 na bado mnasikia "ta!" tu, betri haina kosa, tafuta kwenye nyaya nene, kwenye solenoidi, na hasa kwenye waya mweusi unaofungwa kwenye fremu. Mara nyingi bolti ya waya huo imeshika kutu chini yake, na kwa macho huioni mpaka uifungue.

Kabla ya kuilaumu betri, safisha vichwa vyake. Fungua waya mweusi kwanza, kisha mwekundu. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa magadi soda yaliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, bila kuingiza tone hata moja ndani ya betri. Kausha, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, funga mwekundu kwanza, mweusi mwisho. Nimeona betri nzima zikitupwa kwa sababu ya unga huo tu.

Kisha ichaji usiku mzima kwa chaja ndogo ya ampea 2 hivi. Betri ya mashine hii ni ndogo sana ikilinganishwa na ya gari, na chaja kubwa la gereji litaichemsha. Asubuhi chomoa chaja, iache itulie saa chache, upime tena. Ikishindwa kukaa juu ya 12.4, imekwisha. Betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu kwa miezi, bamba zake hufunikwa na fuwele ngumu ambazo chaja ya kawaida haiwezi kuziyeyusha. Hapo ndipo hela ya shule itumike, na hata hapo mtakuwa mmenunua kitu ambacho kweli kimekufa.

Mkilazimika tena kuazima umeme wa gari, injini ya gari iwe imezimwa. Nyekundu kwa nyekundu. Waya mweusi unaotoka kwenye gari ufungwe kwenye chuma cha injini ya mashine, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoshika moto na cheche ya mwisho ya kuunganisha isiwe karibu yake.

Tuingie kwenye petroli, ambako naamini ndiko mtakakomaliza kazi.

Petroli inaanza kuharibika ndani ya mwezi mmoja hivi, na joto huharakisha. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto upesi, huruka kwanza. Kinachobaki hunata, kisha huganda kama vanishi ndani ya vitundu vyembamba kuliko sindano ya cherehani. Fungua tangi, vuta harufu: petroli nzuri inachoma pua, iliyokufa inanuka kama rangi ya zamani. Teka kidogo kwenye chupa nyeupe ya plastiki, iache dakika kumi kivulini. Ukiona tabaka chini ya chupa, hayo ni maji. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na chini ndiko bomba la tangi linakonyonya. Hili kwenu lina uzito wake, maana petroli ya jerikeni na chupa za kando ya barabara hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye tangi lenu. Kwa mashine hii nunueni kituoni, kwenye jerikeni safi ya shule, kiasi cha wiki mbili tatu tu.

Mwaga petroli yote ya Novemba. Usiijaribu kwa kuichanganya na mpya, kwa sababu maji na uchafu uliomo utaingia kabureta uleule. Badilisha filta ndogo ya petroli iliyo kwenye bomba. Ina mshale, na mshale uelekee injini. Bomba la mpira likiwa limepasuka au limekuwa gumu kama kijiti, badilisha. Angalia kama chini ya tangi kuna koki ya kufunga na iwe wazi. Usicheke, imewahi kutukosesha siku nzima. Kisha chomoa bomba upande wa kabureta, elekeza kwenye chupa. Kama tangi liko juu ya injini, petroli itiririke bila kukatika. Kama tangi liko chini ya kiti au nyuma, huenda injini ina pampu ndogo inayovuta kwa mapigo ya injini yenyewe, na petroli itatoka tu stata inapozungusha.

Petroli ikifika hadi hapo na injini bado haiwaki, kosa limo ndani ya kabureta, na bado si sababu ya kununua nyingine. Chini ya kabureta kuna bakuli dogo linaloshikwa na bolti moja. Kwenye injini nyingi za kupanda bolti hiyo si bolti ya kawaida: ina waya, nayo ni solenoidi ya kufungia petroli. Ukigeuza ufunguo bila kupiga stata, weka kidole juu yake: inapaswa kugonga "ti" ndogo. Isipogonga, pima kama volti 12 zinafika kwenye waya wake. Zikifika na bado imekaa kimya, solenoidi hiyo ndiyo mbovu, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kabureta. Betri iliyochoka nayo inaweza kuifanya isishike, ndiyo maana nilikupeleka kwenye betri kwanza.

Ikigonga vizuri, funga koki au bana bomba, fungua bakuli, kinga petroli kwa sahani. Utakuta uchafu wa rangi ya kahawia, pengine tone la maji linalotembea chini, pengine kutu. Futa. Katikati, kwenye nguzo iliyoshuka kutoka juu, kuna jeti kuu, kipande kidogo chenye tundu jembamba la kupitishia petroli. Ichomoe kwa bisibisi inayoikaa sawasawa, maana ni shaba laini na kichwa chake huharibika upesi. Ielekeze kwenye mwanga wa jua. Usipoona nuru upande wa pili, umempata mwizi. Izibue kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta na uzi mmoja wa waya laini wa shaba uliochunwa kutoka kwenye waya wa taa. Usitumie sindano wala keekee: tundu likiongezeka hata kidogo, injini itakunywa petroli kupita kiasi daima, na hapo ndipo kabureta mpya itakapohitajika kweli. Boya na raba usiziloweke kwenye dawa kali. Gasketi ya bakuli ikivimba, iache ikauke juani kabla ya kuirudisha, na ikipasuka nunua nyingine.

Ukisharudisha kabureta, tazama plagi. Ifungue baada ya kujaribu kuwasha mara mbili tatu. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika na pengine imezidi, au cheche imekosa. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, injini inavuta hewa kidogo mno: chujio limeziba au choki haifunguki. Kwa mashine ya silinda moja nafasi ya plagi mara nyingi ni milimita 0.76, thibitisha kwenye kitabu. Ukitaka kuona cheche kwa macho, tumia kifaa cha kupimia cheche, au rudisha plagi kwenye kofia yake na uigandamize kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la silinda na mbali na petroli yoyote iliyomwagika. Umekuwa ukifungua bakuli la petroli hapohapo. Futa, subiri ikauke, ndipo upime.

Kiangazi huleta wapangaji pia. Panya hupenda kujenga juu ya injini, chini ya kifuniko cha feni, na hutafuna nyaya. Nyigu wa udongo hujaza tope kwenye tundu lolote lenye ukubwa wa kidole: bomba la moshi, tundu la hewa la mfuniko wa tangi, shingo ya chujio la hewa. Ondoa kifuniko cha juu utazame. Majani makavu na manyoya yakibaki kwenye mapezi ya silinda, injini itachemka hata kama kila kitu kingine ni kizuri, kwa sababu haina maji ya kuipoza, ina upepo huo tu. Chujio la karatasi ligongegonge taratibu kwenye kiganja, usilioshe. Likiwa jeusi, nunua jingine. Lile la sponji lioshe kwa sabuni, likauke kabisa.

Sasa muiwashe, kwa utaratibu huu. Kaa kitini. Kanyaga breki hadi mwisho. Hakikisha swichi ya visu imezimwa na mkono wa mwendo uko katikati. Vuta choki yote, kwa kuwa injini ni baridi. Geuza ufunguo, usizidishe sekunde tano, kisha pumzisha stata dakika nzima. Stata ndogo huungua kwa mtu anayeishikilia kwa hasira. Ikiwaka, rudisha choki polepole kadiri mlio unavyotulia, na mguu wako ubaki kwenye breki. Iache ipate joto dakika moja mbili kabla ya kuingiza visu. Na ukianza kukata, peleka akselereta hadi juu kabisa. Madereva wengi hukata kwa nusu mwendo wakidhani wanaokoa petroli, kumbe feni ya kupoza imefungwa kwenye injini yenyewe: injini ikizunguka polepole hupozwa polepole, na visu hurarua nyasi badala ya kuzikata. Zikiwa zimefika magotini, pandisha visu hadi juu kabisa, kata mara ya kwanza, siku mbili baadaye shusha ukate tena. Kabla ya yote pitieni uwanja kwa miguu mkiokota mawe, chupa na vyuma. Wanafunzi wasiwe uwanjani. Wasiwe hata pembeni, kwa sababu jiwe linalorushwa na kisu hupenya mbali.

Nije kwenye kiti.

Kwenye mashine nyingi za aina yako stata haipati umeme mpaka breki ikanyagwe na visu viwe vimezimwa. Kiti kina kazi nyingine: mtu akinyanyuka visu vikiwa vinazunguka, au breki ikiwa imeachiwa, swichi ya kiti inakata cheche na injini inazima. Sasa jikumbushe: ilipozima baada ya sekunde tatu, ulikuwa umekaa, mguu kwenye breki? Kama ndiyo, kiti hakikuhusika, na kukata nyaya zake kusingeiwasha mashine. Kama hakuna aliyekuwa amekaa kitini na breki ilikuwa imeachiwa, basi ilizima kama ilivyoundwa kuzima. Huyo fundi aliona mashine imezima akafikiria swichi. Ni dhana ya kawaida, lakini haijapimwa.

Kuipima ni kazi ya dakika tano. Inua kiti, chomoa plagi ya nyaya chini yake, weka multimita kwenye alama ya mlio, inayolia umeme ukiweza kupita, gusa ncha mbili za swichi, bonyeza na uachie kwa mkono. Jibu lazima libadilike: mlio kisha kimya, au kimya kisha mlio, kutegemea mashine. Lisipobadilika, swichi imekufa, na ni kifaa cha bei ndogo. Lakini mara nyingi swichi ni nzima, ila ncha zake zimeshika kutu au waya umechunika pale kiti kinapokunjika. Safisha, rudisha, jaribu tena.

Nitakuambia kwa nini nasisitiza. Miaka ya nyuma mteja mmoja aliniletea mashine inayozimazima. Alikuwa na haraka, kuna sherehe bustanini kwake Jumamosi. Niliunganisha nyaya za kiti nikamwambia airudishe wiki ijayo niweke swichi. Hakuirudisha, nami sikumfuata. Baada ya wiki mbili kijana aliyekuwa akiendesha alishuka kuondoa tawi, visu vikiwa vinazunguka, akateleza kwenye nyasi mbichi. Alipoteza vidole viwili vya mguu. Swichi niliyoiua mimi ndiyo ingezima injini mara tu alipoinuka. Tangu siku ile sijaunganisha kiti cha mtu yeyote, hata kwa saa moja.

Piga hesabu mwenyewe. Kisu cha urefu wa sentimita 53 kinachozunguka mara 3,400 kwa dakika, ncha yake inakwenda kama mita 94 kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Kwenye uwanja wa shule, penye watoto wanaokimbia kumwambia dereva jambo, swichi hiyo ina thamani kuliko mashine yenyewe. Na kwa sababu hiyohiyo usiruhusu mtu aguse nguzo mbili nene za solenoidi kwa bisibisi ili kuilazimisha stata. Mafundi hufanya hivyo kila siku kwenye magari. Hapa njia hiyo inaruka swichi zote kwa pamoja, na mashine ikiwa kwenye gia itamrukia yeye mwenyewe.

Mtakapomaliza, ijaribuni hivi mahali tambarare pasipo na watu: dereva akiwa amekaa, visu vikizunguka, anyanyue makalio kidogo bila kushuka. Injini lazima izime. Isipozima, msikate nyasi siku hiyo.

Yako mambo mengine ambayo hukuyauliza lakini huenda yakakupata mwezi huu. Ikiwaka vizuri kisha ikazima baada ya nusu saa, legeza mfuniko wa tangi mara tu inapozima: ukisikia hewa ikiingia "sss" na mashine ikawaka tena, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Ikizima kila unaporudi nyuma visu vikizunguka, usiitafute: mashine nyingi zimeundwa hivyo ili dereva asimkanyage aliye nyuma yake. Injini ikinguruma lakini gurudumu halisogei, tazama nyuma ya mashine kama kuna kijiti cha kuachia gia za mafuta kwa ajili ya kuisukuma kwa mkono. Mliposukuma kuitoa stoo mlikivuta, na hakijarudishwa. Stata ikizungusha nusu duara kisha ikakwama hata kwa betri mpya, nafasi za valvu zimeachana na zinahitaji kurekebishwa kwa kipimo cha sehemu ya kumi ya milimita hivi. Hiyo kazi mpe fundi mwenye vipimo, na anayekujengea pikipiki anaiweza kabisa akipewa namba sahihi kutoka kwenye kitabu.

Ikitokea kweli kwamba kabureta imeliwa na kutu ndani au mwili wake umepasuka, usitume mtu Kampala na maneno "kabureta ya mashine ya nyasi". Safari ya kutoka Arua ni karibu kilomita 500, na kifaa kisichoingia kitakugharimu nauli mara mbili. Kwenye kifuniko cha chuma cha injini kuna namba zilizogongwa; kwa injini za Briggs & Stratton ni mafungu matatu, la modeli, la aina na la tarehe. Piga picha zote tatu, piga picha ya kabureta ya zamani pande zote pamoja na nyaya na vijiti vyake, ndipo mwulize muuzaji wa vipuri wa Kiseka au Ndeeba, kulekule Kampala. Mkae na picha hizo kwenye simu ya shule, siyo ya mtu mmoja.

Na mwezi wa Novemba ujao, siku mtakayokata mara ya mwisho, mwageni petroli yote ya tangi, washeni mashine iishe iliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Badilisheni oili ikiwa bado ya moto. Fungueni waya mweusi wa betri, muichaji mara moja kila mwezi. Zibeni bomba la moshi na shingo ya hewa kwa kitambaa chekundu kinachoonekana, na mwandike kwenye usukani kwamba kitambaa kipo.

Fanya ya betri leo jioni, ya petroli kesho asubuhi. Ikikataa bado, niandikie mambo matatu tu: betri ilisoma ngapi stata ilipokuwa ikizungusha, plagi ilitoka kavu au imelowa, na solenoidi ya chini ya kabureta iligonga au haikugonga. Nikiwa na majibu hayo nitajua nikupeleke wapi.